Thumuni ya Bluu

"Fundi, hii ndiyo alfajiri uliyoniahidi?"

Mshonaji alisimama katikati ya chumba chake, mikono kiunoni, futi ya kupimia nguo ikining'inia shingoni. Ukuta mmoja ulikuwa umeshapakwa. Bluu nzito, kama mtu kaufungua usiku akaumimina pale.

Fundi rangi aliutua mswaki wake juu ya kopo. Mwanamke huyu aliomba rangi ya mbingu kabla jua halijatoka, saa ile ndoto bado inasitasita mlangoni. Akamwambia: "Siku chumba changu kikiwa hivyo, nitakujibu posa yako." Maisha yote ya fundi yaliyobaki yalikuwa ndani ya kopo.

"Ni hao wakubwa!" alifoka. "Miaka yote nachanganya thumuni ya bluu, kopo moja katika manane, mengine nyeupe. Sasa kiwandani wameleta mizani ya kompyuta, mafunzo wamebaki nayo wenyewe. Soma!"

Ujumbe wa meneja ulikuwa kwenye simu: "Kuanzia leo hakuna robo wala thumuni. Mashine inataka desimali. Asiyeweza aseme mapema."

"Wewe ukaandika nini?"

"Si sehemu ya nane? Nikaandika sifuri nukta nane."

Mshonaji aliangua kicheko mpaka akajishikiza kwenye cherehani.

"Jamani! Umeiambia mashine imwage bluu asilimia themanini!"

"Cheka tu. Sisi tusiosoma ndio wa kuchekwa."

"Acha kununa, mwanaume mzima. Shika hapa."

Akaivuta futi mpaka kwenye mia.

"Mita nzima, sentimita mia. Chukulia ndiyo asilimia mia. Kunja."

"Hamsini. Nusu."

"Sifuri nukta tano. Kunja tena."

"Ishirini na tano. Robo. Sifuri nukta... mbili tano?"

"Ehee! Tena."

Vidole vyao vikakutana kwenye mkunjo. Hakuna aliyeondoa chake.

"Kumi na mbili na nusu," alisema fundi taratibu, kama anayeota kwa sauti.

"Ndiyo thumuni yako hiyo. Asilimia kumi na mbili na nusu. Mashine iandikie sifuri nukta moja mbili tano. Hata ukigawa moja kwa nane, utafika hapohapo."

Pazia lilipumua, mwanga ukaingia na kutoka. Mshonaji akashusha sauti.

"Na marehemu mkeo? Bado ameshika sehemu gani ya moyo wako?"

Fundi akaiachia futi. Mkewe alifia kwenye benchi la kusubiria, wakuu wa hospitali wakiwa kikaoni.

"Thumuni tu," akajibu haraka.

Mshonaji akautazama ukuta ule mzito.

"Thumuni ya kwenye futi, au ile yako ya kwenye mashine?"

Fundi naye akautazama.

"Ya kwenye mashine," akanong'ona. "Themanini. Siku nyingine mia."

"Afadhali umesema. Ungeng'ang'ania uongo, ungetoka na makopo yako." Akaupapasa ukuta. "Huu usiufute. Ni wake. Simfukuzi, ila humu ndani atakaa kwenye ukuta mmoja. Mmoja katika kuta nne ni ngapi?"

Fundi akafumba macho, akaikunja futi kichwani.

"Robo. Sifuri nukta mbili tano. Asilimia ishirini na tano."

"Na iliyobaki?"

"Sabini na tano."

"Hiyo yangu, na sipunguzwi hata nukta. Haya, kachanganye."

Kesho yake alirudi na rangi iliyofifia vizuri, laini kama pumzi kwenye kioo. Alipomaliza ukuta wa mwisho, akageuka na brashi mkononi.

"Bibie, na jibu langu?"

"Umeshalipaka mwenyewe, mume wangu. Chunga tu usiliguse, bado bichi."

Walifungia ndoa chumbani humohumo, rangi ikiwa imekauka. Meneja alialikwa akachelewa. Wakubwa ndivyo walivyo. Hakuna aliyemngoja. Bwana harusi na bibi harusi walikuwa wamekaa na usiku mmoja nyuma yao, na alfajiri tatu zimewazunguka.