Mbishi na Sinki Lililogoma

Jina lake halisi lilitumika shuleni tu. Nyumbani aliitwa Mbishi, na hakuna aliyeona haja ya kueleza kwa nini. Ukimwambia Mbishi kwamba jua limetoka, atakwenda kwanza dirishani kuhakikisha. Alikuwa na miaka kumi na miwili, alikuwa golikipa wa timu ya wasichana ya shule yao, na kila asubuhi aliosha vyombo kabla ya kufanya jambo lingine lolote.

Aliviosha kwa mpango wake mwenyewe. Alikwangua kwanza mabaki ya chakula na kuyatupa kwenye ndoo ya taka. Kisha aliosha vikombe, halafu sahani, halafu masufuria, na mwisho alifuta sinki kwa kitambaa. Hakuna aliyemsimamia. Aliona tu kwamba kazi ikishakuwa yako, ni aibu kuilipua.

Jumamosi moja maji yaligoma kushuka. Wiki nzima yalikuwa yakienda kwa uvivu, lakini siku hiyo yalituama ndani ya sinki, ya kijivu na yenye povu, yakapanda hadi karibu na ukingo. Mbishi akafunga bomba haraka.

"Baba!" akaita. "Sinki limeziba."

Baba yake alikuwa fundi rangi, na hata siku ya mapumziko hakukosa doa la rangi kwenye kiwiko. Alikuja na mpira wa kuzibulia, ule wenye mpini mrefu wa mti na kikombe cha mpira mweusi mwishoni. Akaukandamiza juu ya tundu la sinki, akasukuma na kuvuta mpaka jasho likamtoka. Maji yalichezacheza, yakamrukia kifuani, kisha yakatulia palepale.

"Nani anaosha vyombo humu ndani?" akauliza, kana kwamba hajui.

"Mimi, Baba."

"Basi ni wewe. Umemwaga mabaki ya chakula humu."

"Sikumwaga. Mabaki yote natupa kwenye ndoo."

"Sinki haliwezi kujiziba lenyewe."

"Ni kweli. Lakini siyo mimi niliyeliziba."

Baba akauweka ule mpira chini. "Leo saa nne una mechi, siyo? Basi hutoki humu mpaka ukiri kosa. Useme, 'Baba, nisamehe, ni mimi,' yaishe, uende zako."

"Huna ushahidi, Baba!" Mbishi akafoka.

Sebuleni, cherehani ya mama yake ikanyamaza. "We mtoto! Ndivyo unavyomjibu baba yako?"

Macho yalimwasha Mbishi, lakini hakulia. Alitoka jikoni akaenda kukaa sakafuni kwenye korido, chini ya beseni la kunawia mikono lililofungwa ukutani, huku amekumbatia glavu zake za golini. Ile ilikuwa mechi ya fainali. Golikipa wa akiba alikuwa msichana mwema sana, ila mpira ukimjia alikuwa anaukwepa.

Kaka yake mkubwa alipita, akainama karibu na sikio lake.

"Mdogo wangu, kubali tu. Mimi nimeshakubali makosa mangapi yasiyo yangu? Unaomba msamaha, unapewa uhuru wako."

"Ndiyo maana kila kitu kikivunjika humu ndani, wa kwanza kuitwa ni wewe."

"Sasa unataka kukosa fainali kwa ajili ya maneno matupu?"

"Siyo maneno matupu! Nikisema ni mimi, nitakuwa nimedanganya. Sitaki. Hata wakinifungia humu mpaka niote mvi, sitaki."

Kaka mtu akatikisa kichwa, akaingia jikoni kujaribu bahati yake. Mbishi akamsikia anavyohema na kusukuma. Hapo akasikia na kitu kingine. Kila kaka yake alipokandamiza mpira kule jikoni, beseni lililokuwa juu ya kichwa chake lilicheua. Kimya, kisha likacheua tena.

Mbishi akasimama. Akaweka kiganja juu ya tundu la beseni. Kaka yake aliposukuma, upepo wa baridi ukampuliza kiganjani.

Alijua upepo wa namna hiyo. Ni ule unaotoka kwenye mpira wenye pancha: unapampu upande mmoja, upepo unatokea upande wa pili, na mpira haujai hata ukipampu kutwa. Ukutani, bomba la beseni na bomba la sinki lazima yalikuwa yamekutana. Nguvu zote za Baba na za kaka zilikuwa zinatorokea hapa.

Alikwenda moja kwa moja hadi sebuleni, mahali Baba alipokuwa amekaa na shati lake lililolowa.

"Baba, nataka kulizibua sinki mimi mwenyewe. Ila naomba uje uzibe tundu la beseni."

"Leo nani anamtuma nani katika nyumba hii?"

"Wewe unatafuta kosa langu, na kosa liko ndani ya lile bomba. Tulitoe tulione. Likiwa langu, nitakaa ndani mwezi mzima na sitalalamika."

Baba akamtazama Mama. Mama akajifanya anatafuta uzi.

"Haya," Baba akasema, akainuka.

Mbishi alimpa kitambaa kilicholowa, akamwonyesha namna ya kukikandamiza kwenye tundu la beseni na kwenye kile kitundu kidogo cha kupunguzia maji, juu karibu na ukingo. Kisha akarudi jikoni. Akahakikisha maji ya sinki yanaufunika mpira. Akaukandamiza polepole ili hewa yote itoke, ndipo akaanza kusukuma na kuvuta bila kuuinua. Safari hii mikono yake ilihisi tofauti. Mpira ulikuwa unang'ang'ania, na ndani ya bomba kitu kizito kilikuwa kinasogea.

"Usiachie, Baba!"

"Siachii! Upepo unanipiga kiganjani!"

Akavuta kwa nguvu zake zote. Bomba likakoroma, maji ya kijivu yakaruka juu, na kitu laini kikaibuka katikati ya sinki. Kisha maji yote yakazunguka na kushuka kwa kelele.

Baba alikuja anakimbia, Mama na kaka wakifuata. Wote wanne wakainamia sinki. Kilichobaki pale kilikuwa ngozi nene ya rangi, ile inayoganda juu ya rangi ya zamani ndani ya kopo. Ilikuwa ya kijani kibichi, imejikunja pamoja na nyuzi za rola ya kupakia rangi.

"Kijani cha zahanati," Mama akasema.

Zahanati ya mtaa wao aliipaka rangi Baba, wiki iliyotangulia. Ndiye pia aliyeweka sheria kwamba vifaa vya rangi vioshwe uani, tena kwenye ndoo. Hakuna aliyemkumbusha. Masikio yalimwaka.

"Uani maji yalikuwa yamekatika," akasema mwishowe. "Nilikuwa nimechoka. Nikasema nitasuuza kidogo tu hapa jikoni. Ni mimi."

Mbishi angeweza kuringa. Alitamani sana kuringa. Lakini alikuwa ameona vitu vyeusi vimenata kwenye ile ngozi, na alivijua.

"Majani ya chai ni yangu," akasema. "Nilidhani chai siyo chakula, nikawa nayamwaga. Hayo nayakubali. Hiyo kijani siikubali."

Kaka yake akaanza kucheka, na Mama naye akashindwa kujizuia.

"Vaa viatu," Baba akamwambia Mbishi. "Twende."

Walikuta mechi imeshaanza. Golikipa wa akiba alikuwa ameshakwepa bao moja, na mwalimu wa michezo alikuwa amefura.

"Golikipa mzima unakuja saa hizi?" akamfokea Mbishi.

Baba akasogea mbele. "Mwalimu, usimlaumu. Nimemchelewesha mimi. Nilimlazimisha akubali kosa ambalo nililifanya mimi mwenyewe, akakataa."

Mwalimu akaenda kuomba mabadiliko. Baba akamgeukia binti yake, akamsaidia kufunga glavu.

"Sikiliza, mwanangu. Kukubali kosa lako ni ukweli. Kukubali kosa la mtu mwingine ili mambo yaishe ni uongo, hata kama anayekulazimisha ni baba yako. Na mimi nilipaswa kutafuta kwanza ndipo niseme. Siku nyingine nikikosea, nibishie. Ila kwa adabu."

"Leo nimebisha kwa adabu, Baba."

Baba akamwangalia tu.

Mbishi akafikiri kidogo. "Ile ya kufoka siyo," akakubali. "Ile ni yangu. Nisamehe."

Kisha akakimbilia golini.