Maswali Tisa Yaliyorukwa

Jumamosi, saa mbili na robo asubuhi, binti alifungua kompyuta na kupiga ukelele uliomtoa shangazi yake jikoni mbio, mwiko mkononi.

"Wameniibia zoezi langu la mwisho!"

Mtihani wa kuingia chuo, ambao zamani ulifanywa kwa karatasi, sasa ni wa kompyuta, na kila mtahiniwa hupewa mazoezi matatu tu. Mawili binti alishafeli. Mtihani wenyewe ni Jumatatu. La tatu lilifanywa na mtu mwingine jana, saa nane mchana, yeye akiwa maktaba.

Shangazi alisimamia mitihani miaka thelathini, na ole wake aliyethubutu kuibia mbele yake. Akavaa miwani, akasoma kumbukumbu za zoezi.

"Swali la kwanza hadi la tisa, yamerukwa. Sita ya mwisho yamejibiwa, yote sahihi. Wewe ulipata ngapi?"

"Tano," binti akanong'ona.

"Basi mwizi amekushinda."

Akawaita wanaume wa nyumba sebuleni. Alianza na kaka wa binti, maana kibodi ilijaa makombo ya biskuti.

"Haya ya nani?"

"Yangu. Nilitazama mpira jana asubuhi. Lakini mtihani, Shangazi? Kwa hiari yangu? Kwani naumwa?"

Hoja ilikuwa nzito.

"Ukikuta swali gumu kwenye kompyuta, unafanyaje?"

"Nabahatisha. Ukiliruka halirudi, kila mtu anajua."

"Acha uvivu," akadakia baba, fundi saa, nyuma ya gazeti. "Unaanza na rahisi. Gumu unalirudia mwishoni."

Shangazi akavua miwani.

"Kaka yangu, hiyo ni mbinu ya enzi za karatasi. Jana saa nane ulikuwa wapi?"

Gazeti likashuka taratibu.

"Niliyasubiri yale tisa yarudi," baba akakiri. "Nikakaa weee. Hayakurudi. Nilifeli nikiwa na umri wake. Miaka yote hii nilitaka kujua kama kweli nilikuwa mjinga."

"Lilikuwa la mwisho, Baba!" Machozi ya hasira yalimlenga binti.

"Najua, mwanangu. Nisamehe. Nitakusomea maswali mpaka Jumatatu, sibanduki hapa."

Binti akagonga kibodi kwa ghadhabu, kisha akaigeuza kompyuta. Mwaka huu kikomo cha umri kimefutwa, na fomu ya mtihani wa muhula ujao ilikuwa na jina la baba.

"Jumatatu utanisubiri getini," akasema. "Muhula ujao nitakusubiri mimi."

Baba akakunja gazeti, akavuta kiti karibu naye.