Kiti cha Mzee Pale Juu

Haya yalimkuta rafiki yangu dereva, anayezungusha kisiwani kwa gari wageni wasioweza kutembea.

Mwaka jana alimwacha bibi mmoja aliyepooza garini, vioo vimefungwa, pale juu wanapotazamia bahari. "Mandhari utayaona humo humo, bibi," alimwambia, akaenda kupiga soga kivulini. Aliporudi, bibi alikuwa amekufa kwa joto. Akawaapia polisi kwamba bibi mwenyewe alikataa kushuka, wakamwamini.

Juzi alimpeleka palepale mzee mmoja wa kiti cha magurudumu. Ndani ya handaki la mlimani, gizani, akasikia ukucha ukigonga kioo cha nyuma, taratibu.

"Mzee, unahitaji kitu?"

"Mimi? Hapana. Ni huyu mama hapa nyuma, anaomba kushuka."

Dereva hakugeuka. Walipofika juu alizima injini ili atoke, lakini miguu haikumtii. Milango ikajifunga, vioo vikapanda, joto likaanza kumkaba. Alipiga kelele hadi sauti ikamkauka.

Nje, kiti cha mzee kilikuwa kinasogea polepole kuelekea kwenye uzio. Kilishukaje, hajui. Mzee alikuwa ameinua shingo, akicheka na mtu anayemsukuma, na nyuma ya kiti hapakuwa na mtu.