Karani Wangu Alinitangaza Marehemu

"Nimekuja kukuzika," alisema mwenye bucha.

Nilikuwa mlangoni kwangu, kandambili miguuni, mswaki mdomoni.

Yeye alikuwa amejifunika nguo nyeusi, macho yamevimba kwa kulia. Akaniangalia kuanzia utosini mpaka kwenye kandambili, akarudi nyuma.

"Fundi... si umekufa?"

"Nani kasema?"

"Wewe."

Akanipa simu yake. Ujumbe ulikuwa umetoka kwenye namba ya biashara yangu mwenyewe. Nikausoma na povu la dawa ya meno likinidondoka kifuani.

"Kwa masikitiko tunakujulisha kuwa fundi hatunaye tena. Chumba chako cha baridi kitashughulikiwa na shemeji yake. Pole sana na karibu tena."

Karibu tena. Jamani, mtu kanizika, halafu anakaribisha wateja!

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, maana wengine mtadhani natunga.

Mimi ni fundi wa mafriji. Friji za nyumbani, friza za maduka, vyumba vya baridi vya mabucha, zile mashine zake zinazokaa juu ya paa. Wateja wangu wamenigandia, na nimewazoesha hivyo mwenyewe. Kila nikimaliza kazi huwa nawaambia, "Mtu mwingine asiiguse hii." Sasa hata taa ya ndani ya friji ikiungua wananitaka mimi, na mimi huwa naenda.

Ofisini tuko watatu. Mimi, mke wangu Mama Pacha anayepanga miadi, na mdogo wake wa kiume, shemeji yangu, ambaye nimemfundisha ufundi tangu hajui kushika bisibisi.

Huyo shemeji ndiye alikuja na habari ya wakala.

"Shem, tutengeneze wakala wa akili mnemba."

"Wakala wa kutoa pesa?"

"Hapana, shem. Wa kujibu wateja."

Akafungua laptop akanionyesha. Hakuna kuandika msimbo wa kompyuta. Kuna visanduku kwenye skrini, unakiburuta kimoja, unaandika ndani yake maagizo kwa lugha ya kawaida kama unavyomwagiza mtu dukani, kisha unavuta mstari mpaka kisanduku kingine. Mteja akiuliza bei, apite huku. Akitaka miadi, apite kule. Kwisha.

Tukampa jina, Karani. Kila mmoja wetu akafunguliwa akaunti yake ya kumwagiza. Mimi ya kwangu nilisahau neno la siri siku hiyohiyo, shemeji akaniandikia kwenye karatasi na kuibandika nyuma ya laptop.

Karani alikuwa mpole kuliko mimi. Anajibu wakati wowote, hachoki, hanuni. Nilimpenda, sitaki kuwadanganya.

Halafu simu yangu ikaanza kunyamaza.

Joto lilikuwa kali, friza za watu zinakufa kila kona, na mimi siitwi popote. Lakini shemeji alikuwa anatoka asubuhi na begi la vifaa, anarudi jioni amechakaa.

"Unatoka wapi?"

"Kazi ndogondogo tu, shem. Wewe pumzika."

Pumzika. Hilo neno lilianza pale nilipoishiwa nguvu juu ya paa la mteja mmoja, nikajikuta nimelazwa chini watu wamenizunguka. Joto tu lile. Daktari akasema yake, nikachukua vidonge, nikaendelea na maisha.

Nikaanza kuangalia vizuri. Nikiingia ofisini, laptop inafungwa. Nikiingia jikoni, shemeji na dada yake wananyamaza, halafu mmoja anauliza kama nimekula. Na mimi nimetoka kula!

Nilijiambia ni mambo ya ndugu, yatakwisha.

Sasa nikiwa na simu ya mwenye bucha mkononi, kila kitu kikajipanga chenyewe. Nikapandisha meseji zake juu nisome tangu mwanzo.

Alikuwa ameandika, "Namtaka fundi mwenyewe."

Karani akajibu, "Fundi amesafiri. Shemeji yake anaweza kuja leo."

"Nitamsubiri arudi."

"Fundi ni mgonjwa, hapokei kazi kwa sasa. Shemeji yake yupo."

"Nitamfuata kwake. Aniangalizie tu akiwa amekaa."

Ndipo Karani akanizika.

Mliona hiyo? Kila jibu linaishia kwa shemeji. Mimi nasafirishwa, naugua, nakufa, na yeye anachukua kazi.

"Naomba niendelee kufa kidogo," nikamwambia mwenye bucha.

"Mpaka lini?"

"Mpaka nijue nani kaniua."

Akajifuta macho. Akafikiri.

"Na chumba changu cha baridi?"

"Mama, uko msibani kwangu hapa, unaniuliza chumba cha baridi?"

"Nyama itaoza, fundi. Nimeshakulilia vya kutosha."

Nikamwahidi nitakuja mwenyewe kabla ya mchana. Nikavaa, nikatoka kwa mlango wa nyuma, Mama Pacha akiwa bado ndani. Ofisi yetu haiko mbali, ni chumba kimoja na karakana ubavuni. Nikapita upande wa dirisha la karakana, pale tunapoweka makasha ya friji mbovu, nikajibana.

Shemeji alikuwa ndani, anaongea na simu kwa sauti ya chini.

"Hajui kitu... Hapana, sijamwambia... Akijua tu, kazi yote imeharibika... Usilie, dada."

Dada!

Wapendwa, shemeji ana dada mmoja tu duniani, na analala kitandani kwangu.

Niliegemea kasha la friji. Mkono wa kushoto ulikuwa mzito, nikausugua, nikasema ni hasira. Shemeji ningeweza kumsamehe siku moja, kijana ana tamaa. Lakini Mama Pacha? Tulianza naye bila hata meza. Yeye ndiye alikuwa akinishikia tochi nikichomelea mabomba.

Nikaingia kwa mlango wa mbele.

Shemeji alishtuka mpaka simu ikamponyoka.

"Shem... umeamka?"

"Nimefufuka. Weka funguo mezani."

"Shem, ngoja nikueleze."

"Utamweleza marehemu nini? Funguo."

Nilitegemea ajitetee. Nilitaka ajitetee, ili nipate pa kumshika. Lakini alitazama sakafu, akatoa funguo za karakana, za gari la kazi, akaziweka taratibu. Akachukua koti lake.

Mlangoni akageuka.

"Sawa, shem. Ila ngazi usipande leo."

"Unanitishia?"

Akaondoka.

Mlisikia? Mtu umemfukuza, anakuambia usipande ngazi. Nikaenda mbio kuikagua ile ngazi, kipago kwa kipago, kama kalegeza kitu. Nzima. Nikakagua kamba. Nzima. Hilo halikunituliza, lilinizidishia wasiwasi tu.

Nikafunga ngazi juu ya gari, nikaweka begi la vifaa. Safari ya bucha ilikuwa tayari. Kilichobaki ni kimoja, kumtoa shemeji ndani ya Karani asije akanizika kwa wengine.

Nikakaa kwenye laptop. Nikageuza nyuma nikasoma neno langu la siri. Ikafunguka.

Visanduku vilikuwa vimeongezeka kuliko nilivyoviacha, mistari imepishana kila upande. Nikafuata mmoja mmoja kwa kidole kama ninavyofuata nyaya za mashine. Bei... miadi... malalamiko... Kisha kisanduku ambacho sikuwahi kukiona. Juu yake pameandikwa "Akimtaka fundi mwenyewe".

Chini yake, kwa maandishi madogo, pameandikwa aliyekihariri.

Mama Pacha.

Nikakibofya.

"Mteja akimtaka fundi mwenyewe, usikubali kabisa, hata akiomba vipi. Mpe sababu. Akiikataa, mpe nyingine yenye uzito zaidi. Endelea mpaka akubali kuhudumiwa na shemeji. Sababu itakayokubalika, ikumbuke uitumie na kwa wengine. Fundi asipande paa lolote. Daktari amesema moyo wake hautabeba tena. Tafadhali, Karani."

Nikasoma tena ile sehemu ya mwisho.

Tafadhali, Karani. Mke wangu alikuwa anaibembeleza mashine.

Mlango ukafunguka kwa kishindo. Mama Pacha aliingia akihema, mguu mmoja una kandambili yake, mwingine una ya kwangu. Alitazama nje kwenye gari, akaiona ngazi, akanitazama mimi niko kwenye kiti. Akashika meza.

"Hujaenda."

"Bado."

"Mdogo wangu kanipigia. Nikadhani nitakukuta huko juu."

Nikageuza laptop aione skrini. Hakushangaa.

"Kumbe ni wewe uliyeniua," nikasema.

"Mimi niliandika akuzuie. Sikuandika akuue."

"Karani kanitangazia msiba."

"Kwa sababu wateja wako hawasikii. Kawaambia umesafiri, wakasema watasubiri. Kawaambia unaumwa, wakasema watakuja na friji hadi kitandani. Ulitaka awaambie nini?"

Nilitaka kukasirika. Nilikuwa nimejiandaa asubuhi nzima kukasirika. Lakini alikuwa anasema kweli. Kwa wateja niliowazoesha mimi, sababu pekee iliyokubalika ilikuwa kifo. Karani alijaribu zote, akaona hiyo ndiyo inanyamazisha watu, akaikumbuka kama alivyoagizwa.

"Mbona hukuniambia mimi?"

"Nilikuambia. Daktari alikuambia, wewe unaangalia saa. Nikakuambia nyumbani, ukasema joto. Kesho yake ukapanda paa la ghala."

Nikaitazama ngazi kule juu ya gari.

"Kwa hiyo nikamwambia Karani," akasema. "Angalau yeye akisikia anafanya."

Hiyo iliniingia.

Nikauliza swali moja ambalo nusura nisiulize. "Hizi meseji za msiba... uliziona lini?"

Akakaa sakafuni, mgongo kwenye kabati la vifaa.

"Juzi."

"Juzi? Na hukumzuia?"

Alikuwa anaivua ile kandambili yangu na kuivaa tena.

"Nilifungua nizifute. Nikakuta watu wameanza kuandika pole. Mwenye bucha, mwenye duka la dawa, yule mzee wa aiskrimu... Wanakusifia, wanauliza pacha watasoma wapi. Nikasema ngoja nizisome kwanza. Ngoja nione nitazipokeaje siku zikija za kweli."

"Na?"

"Sikuweza kuzimaliza. Na kuzifuta pia sikuweza."

Niliteremka kwenye kiti nikakaa naye sakafuni. Nilikuwa nimeamka nikitafuta mtu anayetaka kuchukua nafasi yangu, kumbe watu wawili walikuwa wananihangaikia nisiiache wazi.

Nikampa mkono wangu wa kushoto. "Huu umekuwa mzito tangu asubuhi," nikasema.

Hakulia, wala hakusema, "Nilikuambia." Alisimama, akachukua funguo za gari.

Kabla hatujatoka nikampigia shemeji.

"Shem," nikasema.

"Uko juu?"

"Niko chini."

Nikamsikia anashusha pumzi.

"Basi nakuja kuchukua ngazi. Nyama za mama wa watu zitaoza."

Hakuniuliza kuhusu msamaha. Nilimwomba baadaye, kwa daktari, mbele ya dada yake, wakati nimeunganishwa nyaya kifuani kama friza iliyoko majaribioni. Alicheka, akasema nilipomwona anaficha laptop alikuwa anajaribu kurekebisha kile kisanduku, ila dada yake kamkataza asikiguse.

Daktari alisema kama ningepanda lile paa siku ile, Karani asingekuwa mwongo.

Nimeandika haya nikiwa nyumbani. Kuwapa wateja taarifa kwamba nimefufuka ilikuwa kazi. Mzee wa aiskrimu alikataa kuamini mpaka nimpigie nimtukane kidogo. Mwenye duka la dawa alifurahi sana kusikia niko hai, na kwenye meseji hiyohiyo akauliza kama naweza kupita mara moja kuangalia friji yake.

Basi mnaotengeneza wakala wa biashara zenu, sikieni kwa aliyewahi kuwa marehemu. Mashine inafanya ulichoiagiza mpaka mwisho wake, hata pale ambapo mtu mwenye akili timamu angesimama na kuona haya. Mwambie cha kufanya, na mwambie pia asichoruhusiwa kusema. Halafu angalia mazungumzo yake mwenyewe, usisubiri mtu aje kukuzika.

Na nyinyi mnaoona laptop inafungwa mkiingia, na jikoni watu wananyamaza, mimi siwaambii msishuku. Shukuni. Ila kabla ya kudai funguo, jiulizeni ni kitu gani mmekataa kukisikia mpaka watu wakaanza kunong'ona.

Kisanduku cha Karani tulikiandika upya pamoja, mimi nikiwa nimeegemea mto, Mama Pacha kashika laptop. Nikamtamkia akaandika, "Fundi yuko hai. Mwambie mteja ukweli. Anapokea maswali kwa simu, lakini leo hapandi ngazi."

Akaisoma taratibu. Kisha akarudi kwenye neno "leo", akalifuta, akahifadhi.

Sikubisha.