Simu ya Mzee na Mnara Mpya

Habari hii alinisimulia mkunga wa mtaa wa pili, mwezi uliopita, mvua ilipotufungia kibarazani. Ni habari ya jirani yake, mama mmoja fundi cherehani.

Chumba cha mbele cha fundi huyo kilikuwa cha kazi: cherehani, meza ya kukatia, vitambaa hadi dirishani. Chumba cha nyuma alilala mumewe. Kiharusi kilikuwa kimempooza upande mzima wa kulia, na sauti yake haikufika hata mlangoni.

Lakini walikuwa na simu ya nyumbani isiyo na waya, zawadi ya binti yao aliyeko ng'ambo. Kifaa kimoja kilikaa kando ya cherehani, kingine mkononi mwa mzee. Akitaka maji, anabonyeza. Akitaka kugeuzwa, anabonyeza. Akitaka uchokozi, anabonyeza vilevile.

"Mama watoto, hiyo cherehani yako inakoroma kunizidi."

"Lala, baba. Ikinyamaza tutakula nini?"

Miaka miwili mambo yalikwenda hivyo. Kisha kampuni ya simu ikawasha mtandao mpya wa kasi kwenye mnara wa karibu. Kwingine watu walifurahi. Lakini katika mtaa wa fundi, simu za mkononi zikaharibika: mara zinakata, mara haziiti kabisa.

Siku moja mkunga aliingia kwa fundi, kitambaa cha kichwa kimemkaa upande.

"Jirani, nimeumbuka! Mtu kajifungua sakafuni bila mkunga. Mumewe kanipigia mara tisa. Simu ninayo mfukoni, haikuita hata mara moja!"

"Na mtoto?"

"Mzima, Mungu kasaidia. Nimekwenda kuishtaki hiyo kampuni kwa Mamlaka ya Mawasiliano."

"Ishtaki! Wezi wakubwa hao."

Siku ya tatu akaja mkaguzi wa Mamlaka, dada mmoja mpole. Alishika antena iliyofanana na mifupa ya samaki. Aliigeuza huku na huku, akitazama kioo kidogo, mkunga na majirani wakimfuata. Akasimama mlangoni kwa fundi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mnara uko kule. Umepotea?"

Hapo hapo mzee akabonyeza. "Mama watoto, njoo unigeuze, ubavu umekufa ganzi." Mstari kwenye kioo cha mkaguzi ukaruka juu.

"Sijapotea, mama," alisema mkaguzi. "Tatizo ni simu hiyo."

Fundi aliweka mikono kiunoni. "Simu hii ina miaka miwili hapa! Mnara umekuja juzi. Nani kamkuta mwenzake?"

Majirani walicheka. Mkaguzi alishika kitambaa kilichokuwa mezani.

"Hiki cha nani, mama?"

"Cha bibi harusi."

"Na kile?"

"Cha sare za shule."

"Ukikata sare kwenye kitambaa cha bibi harusi?"

"Nitahama mji."

"Basi hata hewani kuna vitambaa vya watu. Simu, redio, ndege, vyote huzungumza kwa mawimbi. Mawimbi hayo yamegawanywa, na kila sehemu tunaiita masafa. Serikali ndiyo inayogawa: haya ya redio, haya ya ndege, haya ya magari ya wagonjwa, haya ya simu za mkononi. Pasipo mgawo, kila mmoja angempigia mwenzake kelele. Na kila nchi ina mgawo wake. Kule ilikonunuliwa simu yako, masafa haya ni ya simu za nyumbani. Hapa yalikuwa matupu, lakini hayakuwa yako. Mwaka huu yamepewa mtandao mpya. Mnara unajaribu kusikiliza simu za watu, na simu yako inaupigia kelele sikioni."

Fundi alikaa kitini. "Kwa hiyo nimeshonea kwenye kitambaa cha mtu." Akamtazama mkunga. "Na yule mama wa sakafuni..."

Mkunga alitoa simu yake mfukoni, akaitazama.

Fundi aliinuka, akachomoa ukutani, kwa mkono wake, waya wa umeme wa kile kifaa cha kando ya cherehani. Haikupita dakika, simu ya mkunga ikalia. Kisha ujumbe ukaingia, mmoja baada ya mwingine. Majirani wakapiga makofi. Fundi alikuwa ameshakimbilia chumba cha nyuma. Alimkuta mzee anabonyeza, anabonyeza, machozi yanamtoka.

"Nimekuita, hukuja," alisema mzee.

"Nimekuja, baba. Nipo."

Mkaguzi alisimama mlangoni.

"Mtanifunga?" fundi aliuliza.

"Hapana, mama. Sheria ina faini, lakini hukujua, na umezima mwenyewe. Usiiwashe tena hapa. Ukinunua chombo cha mawimbi, tafuta alama ya idhini ya Mamlaka. Ukiletewa kutoka nje, tuulize kwanza."

"Sawa. Na mzee wangu ataniitaje?"

Mkaguzi alitazama ukuta, akatazama kitanda. "Wekeni kengele ya waya. Hiyo huita kupitia waya wake, haigusi masafa ya mtu."

Kesho yake fundi umeme alivuta waya kutoka kitandani hadi kwenye cherehani. Mkunga ndiye aliyeshika ngazi. Kitufe kiliwekwa chini ya mkono wa kushoto wa mzee. Akakijaribu mara kumi na tatu.

Wiki iliyofuata, mchana, kengele ililia. Fundi akaenda mbio.

"Maji?"

"Hapana. Asubuhi nilisikia mkunga anapita mbio. Kuna nini?"

"Aliitwa kuzalisha. Alipigiwa mara moja tu, simu ikaita. Kawahi, mtoto wa kike."

"Kelele zetu zimekwisha, basi."

"Za hewani zimekwisha. Zako bado."

Mzee alicheka kwa nusu ya mdomo. Fundi aliketi ukingoni mwa kitanda, akamshika mkono mpaka akasinzia. Kisha naye akaegemeza kichwa kwenye godoro, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni, usingizi ukampitia.