Simu Ambayo Rejoice Hakuipokea

Kila asubuhi ya likizo ya Juni, Rejoice aliwasha jiko la mkaa, akachemsha maji ya kuoga, kisha akafagia vipande vya nyuzi chini ya mashine ya mama yake. Mama yake, Margareth, alikuwa akifuma masweta ya shule mjini Njombe. Baridi ilikuwa kali na shule zilikaribia kufunguliwa, kwa hiyo mashine ile haikupumzika.

Siku moja ikaja habari kwamba mama mdogo Beatrisi, aliyeishi Makambako, ameteleza na kuvunjika mkono. Alihitaji mtu wa kumsaidia kazi za nyumbani kwa wiki moja.

"Nitaenda mimi," Rejoice alisema. "Nina miaka kumi na minne sasa. Na Makambako ni mwendo wa saa moja tu."

Baba yake, Sadock, ambaye alikuwa seremala, aliweka kikombe cha chai chini. "Peke yako? Hapana."

"Mbona mimi nilitoka Iwawa kuja Njombe peke yangu, tena nikiwa mdogo kuliko yeye?" Mama aliuliza.

"Na ulilia njia nzima. Umenisimulia mwenyewe."

Mama alicheka. Walibishana siku mbili. Mwishowe Baba alikubali, na cha ajabu, siku aliyokubali ndiyo siku ambayo Mama alianza kuogopa. Alizipanga nguo za Rejoice kwenye begi, akazitoa, akazipanga tena.

Asubuhi ya safari, Baba alimpeleka stendi. Alikagua matairi ya basi, akamuuliza dereva amelala saa ngapi, akamkabidhi Rejoice kwa kondakta kana kwamba anakabidhi mtoto mchanga. Rejoice aliona aibu. Akajiapia moyoni kwamba safari hii haitakuwa na kasoro hata moja, ili Baba asipate la kusema.

Basi liliondoka saa tatu. Walipofika karibu nusu ya njia, injini ilitoa mlio wa ajabu, moshi ukapanda, na dereva akaegesha pembeni. Mkanda wa feni ulikuwa umekatika. Kondakta akawaambia abiria kwamba basi jingine litatoka Makambako kuwachukua. Wote walishuka na kusimama kwenye ukungu, kando ya msitu wa misindano.

Simu ikaita. Alikuwa Mama. "Mmefika wapi, mwanangu?"

Rejoice akamkumbuka Baba na yale matairi. "Tumekaribia kabisa, Mama. Naona nyumba za Makambako."

"Asante Mungu! Ngoja nimwambie Beatrisi aje stendi."

Rejoice alijisemea kwamba basi jingine litafika sasa hivi, na uongo wake hautamdhuru mtu. Lakini nusu saa ikapita, halafu saa nzima. Simu ikaanza kuita mfululizo. Akapiga mama mdogo, akapiga Mama, akapiga Baba. Rejoice aliitazama tu. Angewaambia nini?

Abiria mmoja, mama mfanyabiashara wa vitenge aliyeitwa Salha, alikuwa akimwangalia. "Binti, mbona hupokei?"

"Nimewaambia nimeshakaribia kufika," Rejoice alijibu, machozi yakimlengalenga. "Wakijua basi limeharibika, hawataniruhusu tena kusafiri."

"Wamepiga mara ngapi?"

"Kumi na moja."

Mama Salha alitikisa kichwa. "Mimi nina wanangu watatu, wote wanasafiri. Mzazi anayepiga mara kumi na moja, mwanangu, hana haja tena na habari za basi. Anataka kujua kama uko hai. Piga sasa hivi."

Rejoice alipiga. Mama aliposikia sauti yake, alilia kwanza, kisha akamweleza yaliyotokea. Kumbe mama mdogo alikuwa stendi na mkono wake wenye plasta, akiulizia kila basi lililoingia. Wote wakadhani Rejoice amepotea au amechukuliwa na mtu. Baba alikuwa ameacha kazi na kuomba nafasi kwenye lori la mbao lililokuwa likienda Makambako.

"Mama, nisamehe. Nilisema uongo. Hatujafika, basi limeharibika. Niko salama, nipo na abiria wenzangu."

Haikupita muda mrefu, lori lile likasimama pale. Baba aliruka chini akiwa na vumbi la mbao kwenye nywele. Alimshika Rejoice mabegani, akamtazama usoni. Wakati huohuo basi lililosubiriwa likafika, na abiria wakaanza kuhamisha mizigo yao.

Rejoice alichukua begi lake na kuanza kuvuka barabara, kwenda upande wa magari ya Njombe. Alijua safari yake imekwisha.

"Unakwenda wapi?" Baba aliuliza.

"Nyumbani, Baba. Si ndiyo?"

Baba alijifuta uso kwa kiganja. "Natamani nikurudishe," alisema polepole. "Natamani nikufungie ndani mpaka uwe bibi. Lakini mama mdogo wako anakusubiri. Basi kuharibika si kosa lako, na wala hukunihitaji mimi ili ungoje basi jingine na wenzako. Kilichonitoa kazini mbio ni ule uongo. Nikijua uko wapi kwa kweli, hata kama ni pabaya, naweza kukuacha uende, na naweza kuja kukusaidia. Nisipojua, hata Makambako ni mbali sana kwangu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Baba. Sitarudia."

"Haya, panda."

Rejoice alipanda na kukaa dirishani karibu na Mama Salha. Baba alisimama barabarani bila kupunga mkono, akilitazama basi mpaka lilipoingia kwenye ukungu.