Ndoo ya Kasumbalesa

Giza lilikuwa linaanza kuingia tuliporudi mpakani Kasumbalesa, kati ya Kongo na Zambia, mimi na rafiki yangu Annie, tukitoka Chililabombwe upande wa Zambia. Tulikuwa tumenunua unga, mafuta, maziwa na sosisi. Zile sosisi ndizo zilizonitoa nyumbani. Binti yangu Exaucée alikuwa ameugua tifoidi, akapona, lakini chakula kikamshinda kabisa. Bukari, ugali wetu, hataki, uji hataki, mchuzi anautazama tu. Muuguzi alinionya kwamba mtoto huyu asipokula nitampoteza. Zamani alizipenda sosisi za Zambia, kwa hiyo nikafunga safari.

Wanaonijua wanajua mimi ni mtu wa kinyaa. Nyama siinunui kabla ya kuinusa. Kwenye nyumba ya mtu sili kama sijaona sahani zinavyooshwa. Annie hunicheka, ananiita Mama Docteur.

Sasa, pale mpakani, mwenye mzigo mdogo wa kula nyumbani hasumbuliwi sana. Ndiyo maana mwanamke mwenye vitu vingi huwagawia wenzake kwenye foleni. Unabeba chake, ukiulizwa unasema ni chako, mkishavuka unamrudishia. Hakuna anayekataa, maana safari nyingine wewe ndiye utakayeomba.

Bibi mmoja akanigusa kiwiko.

"Mama, unisaidie kupitisha hii," akanong'ona. "Mikono inachoka."

Sikumtazama hata usoni, nilikuwa nahangaika na mifuko yangu. Nikapokea ndoo nyeupe, zile za mayonezi, mfuniko wake umefungwa kwa kipande cha kitenge. Ikanigusa paja. Ulikuwa mwezi wa sita, baridi inakata masikio...

Ile ndoo ilikuwa na joto.

Mtu wa forodha akaimulika kwa tochi.

"Hii iko ya nani?"

"Iko yangu, chef."

"Ndani muko nini?"

"Nyama," nikabahatisha. "Ya kula ku nyumba."

Akatupungia mkono tupite.

Upande wa pili nikageuka nimrudishie bibi kitu chake. Hayupo. Tukangoja, tukangoja, mpaka dereva wa teksi akaanza kupiga honi. Annie akasema niiache kando ya barabara. Nikaona aibu kutupa chakula cha mtu mzee, nikasema nitamrudishia safari ijayo. Laiti ningemsikiliza.

Harufu ilianza njiani. Utamu kidogo, kama maziwa yaliyochacha, na chini yake kitu kingine... nywele ambazo hazijaoshwa siku nyingi. Dereva alifungua madirisha yote na baridi ile. Tulikwenda hivyo hadi Lubumbashi.

Nyumbani kwangu, mtaa wa Ruashi, niliiweka ndoo nje, nyuma ya jiko, nikaingia kukaanga sosisi. Nikamwita Exaucée. Nikamwita tena.

Nikasikia mtu anatafuna.

Nje.

Alikuwa amechuchumaa juu ya ndoo, mkono umezama hadi kwenye kiwiko. Alikuwa anatoa vipande virefu vyeupe, vyenye ngozi, na ngozi yenyewe ina vinyweleo. Ute mwekundu-mwekundu unamtiririka kidevuni. Ilikuwa mbichi. Anatafuna, amefumba macho. Nilitapika palepale ukutani. Nilipoinua kichwa, mwanangu alikuwa ananitazama na kutabasamu.

"Mama, minasikia njala. Ongeza."

Neno hilo, njala, sikuwa nimelisikia kinywani mwake tangu augue.

Nilitaka kuimwaga chooni, Mungu anajua. Niliibeba hadi mlangoni mwa choo, nikaiweka chini. Lakini usiku ule mtoto alilala bila kulia, na asubuhi damu ilikuwa imerudi mashavuni mwake. Nikampa sosisi. Akazitema.

"Hii hapana. Minataka ya mu seau," akasema, akiionyesha ndoo kwa kidole.

Basi nikajifunga kitambaa puani, nikaingiza mkono mule ndani. Joto lilikuwa bado lipo. Vile vipande vinateleza, na kimoja kilijikunja kwenye vidole vyangu, au labda ni mimi niliyetetemeka. Nikakipika na nyanya na vitunguu vingi. Akala, akalamba sahani pande zote mbili.

Akaanza kunenepa. Majirani wakanipongeza, wakaniuliza nampa dawa gani. Mimi mwenyewe chakula kikawa hakipiti, kila tonge lilinikumbusha ule ute. Mikono yangu niliisugua kwa sabuni, kwa limau, kwa majivu. Harufu haikutoka.

Ndoo ilipokaribia kwisha nilirudi Kasumbalesa kumtafuta yule bibi. Nikamkuta Donat, mzee anayesaidia wafanyabiashara na karatasi za forodha, tunafahamiana tangu zamani. Nilipomweleza, akanivuta nyuma ya lori.

"Ule mama, ye mwenyewe hawezi kupita," akaninong'oneza. "Anatafutaka muntu wa kusema ni yake. Ulisema mbele ya bantu?"

"Nilisema. Papa Donat, ile iko nyama ya nini?"

Akatema mate chini.

"Usimungoje. Kwako harudi tena. Ya kwako alishakupa."

"Na kama inaisha?"

Akaitazama mikono yangu. Akasogea nyuma kidogo, halafu akaondoka bila kuniaga.

Jana ndoo iliisha. Exaucée aliikwangua chini kwa kucha hadi plastiki ikalia. Leo amekataa bukari, amekataa sosisi, amekataa hata maji. Mashavu yameanza kubonyea, na macho yamekuwa yale ya siku za homa. Jioni hii nimekaa naye kitandani, nambembeleza ale hata ndizi. Hakuitazama. Aliushika mkono wangu, akauleta puani, akaunusa kwa muda mrefu.

"Mama, uko na harufu yake."

Akaanza kunilamba vidole, kimoja kimoja. Ulimi wake ulikuwa wa moto na mzito. Matapishi yakanifika kooni, nikayameza. Halafu nikasikia meno... polepole, anajaribu kwanza.

Mwanangu alikuwa anakula.

Sikuuondoa mkono.